Mume Kumaliza Mapema: Sababu Zake, Tiba Zake na Hukumu Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote anastahiki Allah Subhanahu wa Taala, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kuna masuala mawili ambayo kwa dhahiri hayahusiani. Mke anauliza: je, ninayo haki ya kudai talaka ikiwa mume wangu kila tunapokutana humaliza haja yake mara moja tu, akanigeuzia mgongo? Mume naye anauliza: je, ni halali kumeza kidonge nilichouziwa kichochoroni, nikaambiwa kitanifanya nikawie? Ukiyatazama vizuri utaona kuwa yanaweza kutoka nyumba moja na chumba kimoja, ila wenyewe hawajawahi kuulizana. Mke amelichukua lake akalipeleka kwa wazee, mume amelichukua lake akalipeleka kwa muuza dawa, na ndoa inavunjika kwa jambo ambalo lina tiba.

Makala hii inaeleza hali hiyo ni nini, inatokana na nini, inatibiwaje, na hukumu za dini zinazofungamana nayo. Tumejaribu kutumia maneno ya heshima, lakini hatukuficha linalohitaji kusemwa.

Je, inafaa kuyazungumza haya?

Wako watakaoona kuwa mambo ya chumbani hayana pahala katika mafundisho ya dini. Haya ni katika imani, na hatusemi iachwe. Lakini haya ya Sahaba haikuwazuia kuuliza. Ummu Sulaym (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mwanamke anayeota, je, anawajibika kuoga? Akajibiwa. Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa mtu wa kutokwa na madhii kwa wingi, na aliona haya kumuuliza Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya kuwa amemuoa binti yake. Hakukaa na ujinga wake, alimtuma Al-Miqdad (R.A.) amuulizie. Huu ni ufunguo mkubwa kwa mwenye haya: ukishindwa kusema mwenyewe, tafuta wa kukusemea, lakini suala lisilale.

Na katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeachwa na Rifaa, akaolewa na Abdur-Rahman bin Az-Zabir (R.A.), kisha akaja kwa Mtume (S.A.W.) kushitaki udhaifu wa mume wake katika unyumba. Khalid bin Said (R.A.), aliyekuwa mlangoni, alishangaa na kumtaka Abubakar (R.A.) amkemee. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Alitabasamu, akamsikiliza na akamweleza hukumu yake. Basi ikiwa mke aliweza kulieleza jambo la chumbani mbele ya Mtume (S.A.W.), hapana sababu ya mke na mume wa leo kushindwa kuambizana wakiwa wawili peke yao.

Kumaliza mapema ni nini?

Jambo la kwanza ni kujua kama tatizo lipo. Wanaume wengi wanaojiona wagonjwa si wagonjwa. Wamejipima kwa maneno ya barazani na kwa picha chafu za kwenye simu, ambazo mbali ya uharamu wake ni uongo uliokatwa na kuungwa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wapenzi wapatao 500 kutoka nchi tano, nazo ni Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani, walipima kwa saa muda unaopita tangu mume kuingia mpaka manii kutoka. Muda wa kati ulikuwa dakika 5 na nukta chache. Wengine walimaliza chini ya dakika moja, na wachache mno walifika dakika 40. Kwa hiyo mume anayechukua dakika nne au tano hana maradhi. Yumo pamoja na watu wengi wa kawaida.

Mwaka 2014 jumuiya ya kimataifa ya madaktari wanaoshughulikia mambo ya unyumba iliweka kipimo kinachotumika mpaka sasa. Mtu huhesabiwa kuwa na tatizo hili yakikusanyika mambo matatu:

1. Manii hutoka mara zote au karibu zote ndani ya muda wa dakika moja hivi baada ya kuingia, tangu mara ya kwanza katika maisha yake. Au alikuwa vizuri, kisha muda wake ukapungua sana, mara nyingi mpaka dakika tatu au chini yake.
2. Hawezi kuyazuia, hata akijitahidi.
3. Jambo hilo linamletea dhiki yeye au mkewe, au linamfanya aukimbie unyumba.

Kwa kipimo hiki wataalamu wanakadiria kuwa wenye tatizo hawazidi watu 4 katika kila 100. Ama aliyemaliza haraka usiku wa harusi, au aliporudi safari baada ya miezi kadhaa, au siku aliyokuwa na mawazo mengi, huyo ni mzima. Hali hiyo huondoka yenyewe wakikaa pamoja na kuzoeana.

Tunapenda pia kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Kukosa nguvu za kiume ni dhakari kutosimama au kusimama kisha kulala. Kumaliza mapema ni manii kutoka kabla ya wakati, hali ya kuwa nguvu zipo. Mtu anaweza kuwa na moja bila ya nyengine, na dawa zake si moja.

Sababu zake

Kutoka kwa manii kuna hatua mbili. Kwanza mishipa ya fahamu huamrisha tezi dume na vifuko vya manii kukusanya maji. Kisha misuli ya chini ya nyonga hukaza na kuyasukuma nje. Hatua ya kwanza ikishakamilika, mwanamume huhisi kuwa sasa hapana kurudi nyuma, na kweli hapana. Kwa hiyo tiba yoyote ya kuzuia inafanya kazi kabla ya hapo. Anayengoja mpaka ahisi yanakuja ndipo ajizuie amechelewa.

Kwa waliozaliwa na hali hii, madaktari wanaona sababu kubwa iko katika ubongo, katika namna unavyotumia kemikali iitwayo serotonini, ambayo huchelewesha kutoka kwa manii. Kuna dalili pia kwamba hali hii hurithiwa katika baadhi ya koo. Huyu hakujitakia wala hakukosa uanaume. Ndivyo alivyoumbwa, kama mwengine alivyoumbwa na macho mafupi akavaa miwani.

Kwa waliopatwa ukubwani, lazima itafutwe sababu, kwani huenda ikawa ni alama ya maradhi mengine. Yanayojulikana zaidi ni haya: uvimbe au maambukizi ya tezi dume, ambayo huja na maumivu ya chini ya tumbo au ya mkojo; tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, ambayo huja na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda; na kuanza kupungua nguvu za kiume. Hili la mwisho ni muhimu. Mume anayehisi dhakari italala hujiharakisha bila ya kujua, na kumbe mzizi wake ni sukari au shinikizo la damu. Aliyekwenda hospitali kwa ajili ya unyumba akagundulika ana sukari ameokoa zaidi ya unyumba wake.

Kisha kuna sababu za nafsi: wasiwasi, madeni, ugomvi wa nyumbani, na nyumba yenye watu wengi ambamo mke na mume wanajificha na kuharakisha ili wasisikiwe. Mazoea ya haraka yakikaa miaka, mwili huyashika. Na wasiwasi wenyewe huzaa wasiwasi: leo amemaliza haraka, kesho anaingia kitandani akiwa na hofu, na hofu humharakisha zaidi.

Ama wale wanaosema kuwa kila mwenye hali hii anaadhibiwa kwa kujichua ujanani, hilo halikuthibiti kitabibu. Aliyefanya na atubie, na mlango wa toba uko wazi, lakini asijihukumu kuwa ameharibika. Na anayeona kuwa amepatwa na jini mahaba au hasadi, kisomo cha sharia hakikatazwi, ila kisimzuie kwenda kwa daktari. Tumeamrishwa kutafuta dawa.

Tiba ya kwanza ni ya mke na mume

Njia inayofundishwa zaidi na madaktari iliandikwa mwaka 1956 na tabibu wa Kimarekani James Semans. Haina dawa wala gharama, na haikamiliki bila ya mke. Msingi wake ni kumfundisha mume kuitambua ile hatua iliyo kabla ya kutorudi nyuma, asimame hapo.

Huanza hivi. Kwa siku za mwanzo wanakubaliana kutoingiliana. Mke humchezea mume kwa mkono wake. Mume anapohisi anakaribia, humwambia, naye husita. Wanangoja nusu dakika au zaidi mpaka hamu ipungue, kisha wanaanza tena. Husimama hivyo mara tatu, na mara ya nne humwachia amalize. Wakishaona amemudu, hufanya hivyo hivyo kwa kutumia mafuta, kwa sababu hisia huwa kali zaidi. Baadaye huingiliana bila ya kutikisika, mke akiwa juu, kisha kwa mwendo wa pole pole, na kusimama kila anapokaribia. Wakifanya mara mbili au tatu kwa wiki, huchukua wiki kadhaa kuona tofauti, si usiku mmoja. Wako wanaoongeza kubana: mke hubana kwa vidole chini kidogo ya kichwa cha dhakari kwa sekunde chache, bila ya kuumiza, mpaka hamu ishuke.

Hapa pana faida ya kifiqhi. Baadhi ya vitabu vya kitabibu humwelekeza mwanamume ajifundishe peke yake kwa mkono wake. Kwa wanavyuoni wa Kishafi'i hilo halijuzu. Lakini kwa mkono wa mkewe linajuzu, kwani hiyo ni starehe baina ya watu wawili waliohalalishiana. Basi Muislamu aliyeoa hana haja ya kuiacha tiba hii wala kuingia katika haramu. Njia ya halali ndiyo hiyo hiyo inayowakaribisha wawili.

Zoezi la pili ni la misuli ya chini ya nyonga, ile unayoikaza unapozuia upepo au unapokata mkojo. Ikaze kwa sekunde tatu mpaka tano, kisha uilegeze kabisa kwa muda kama huo. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Usizuie pumzi wala usikaze tumbo. Unaweza kuufanya ukiwa umekaa kazini au ndani ya daladala, na hakuna atakayejua. Yahitaji miezi mitatu hivi. Jifunze kulegeza kama unavyojifunza kukaza, kwani misuli iliyokaza muda wote huharakisha.

Mengine madogo yanayosaidia ni kuvuta pumzi ndefu na taratibu, kutumia mpira wa kondomu kwa kuwa hupunguza hisia, na kurudia baada ya kupumzika, kwani mara ya pili kwa kawaida huchukua muda zaidi. Kondomu kwa wanandoa hukumu yake hulinganishwa na azl, yaani kumwaga nje, na bora iwe kwa ridhaa ya mke.

Dawa za hospitali

Mazoezi yasipotosha, zipo dawa, na zote ziandikwe na daktari.

Ya kwanza ni krimu ya ganzi yenye lidokaini na prilokaini. Hupakwa kidogo kwenye kichwa cha dhakari dakika 10 mpaka 20 kabla, kisha ifutwe vizuri au ivaliwe kondomu. Isipofutwa humtia ganzi mke, naye akakosa ladha yake, na hapo tatizo limehamishwa tu. Ikizidi, dhakari hulala.

Ya pili ni vidonge vinavyoongeza serotonini. Vingine, kama paroksetini na sertralini, asili yake ni dawa za sonona. Humezwa kila siku, na manufaa yake huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili. Kuna dapoksetini, ambayo humezwa saa moja mpaka tatu kabla ya tendo, nayo imesajiliwa katika nchi nyingi ila si zote. Dawa hizi zinaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi au kupungua kwa hamu. Hazifai kuachwa ghafla baada ya kuzizoea, wala hazimfai kila mtu, khasa mwenye maradhi ya moyo. Wanaotafuta mtoto wamweleze daktari, kwa sababu baadhi yake zinaweza kuathiri mbegu. Na kwa aliyezaliwa na hali hii, mara nyingi hurudi akiacha dawa. Kwa hiyo dawa na mazoezi viende pamoja.

Ya tatu ni dawa za kusimamisha kama sildenafili. Hizi zinamfaa ambaye haraka yake imetokana na nguvu kupungua. Kwa mwenye nguvu zake timamu si tiba ya kukawia. Na ni hatari kubwa kwa anayetumia dawa za naitreti za maradhi ya moyo, kwani shinikizo la damu linaweza kuporomoka mpaka kufa.

Usiogope siku ya kwanza hospitali. Daktari atakuuliza: ilianza lini, ni kila mara au baadhi ya nyakati, nguvu zikoje, kuna maumivu ya mkojo, na unatumia dawa gani. Mara nyingi maswali hayo yanatosha, na vipimo hufanywa pakiwa na haja. Huhitaji kuanza kwa bingwa. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kuanza na wewe, na ukihitaji zaidi akakuandikia kwenda Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, au Abdalla Mzee Mkoani kwa walioko Pemba. Ukipenda daktari mwanamume, omba. Ni haki yako.

Vidonge vya kichochoroni

Sasa tumjibu yule mume aliyeuliza. Miongoni mwa vinavyouzwa kwa siri kwa ajili ya kukawia ni tramadoli. Hii ni dawa ya maumivu makali, jamii moja na kasumba. Ni kweli kuwa huchelewesha manii, na ndiyo maana vijana huinaswa. Lakini huzoesha mwili mpaka mtu asiweze kuamka bila yake, huweza kuleta kifafa, na ikizidi husimamisha pumzi. Ikichanganywa na vile vidonge vya serotonini hatari yake huzidi. Aliyeanza kwa ajili ya mkewe huishia kuuza samani za mkewe ili aipate.

Kisharia, kila kinacholevya na kupoteza akili hakifai kutumika kwa starehe, na kuilinda akili ni katika makusudio makubwa ya dini. Daktari akikuandikia kwa maumivu ya kuvunjika au ya upasuaji, hilo ni jambo jengine. Kuinunua kichochoroni kwa ajili ya kitanda haijuzu. Na ambaye tayari imemshika asiiache peke yake kwa ghafla. Aende hospitali asaidiwe, kwani wanaotaka kuacha wana matibabu yao.

Ama unga wa kupaka usiojulikana asili yake, kama huo uitwao vumbi la Kongo, hakuna anayejua kilichomo, na ngozi ya pahala pale ni laini mno. Supu ya pweza na alkasusu ni chakula na kinywaji. Kunywa kwa afya yako, lakini usivitarajie kutibu haraka.

Haki ya mke

Imam Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi'i aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, ameligusa jambo hili katika Ihyaa Ulumid-Din, katika mlango wa adabu za ndoa. Ameeleza kwamba mume akimaliza haja yake asiondoke, bali amngojee mkewe amalize yake, kwa sababu huenda mke akachelewa na kumwacha katika hali ile ni kumuudhi. Na akatanabahisha kuwa tofauti hii ya muda, mume akiwa ndiye wa kutangulia, huzaa chuki baina yao. Zimepita zaidi ya karne tisa, na maneno hayo yanaeleza hali za nyumba zetu.

Ndani yake mna ufumbuzi ambao hauhitaji dawa. Hakusema mume lazima akawie. Amesema asimwache. Mume mwenye haraka anaweza kutanguliza maneno mazuri, kubusu na kuchezeana mpaka mke awe karibu ndipo aingie. Na akitangulia kumaliza, mikono anayo, ulimi wa maneno mazuri anao, na muda anao. Wanawake wengi hawafiki kwa kuingiliwa peke yake hata kama mume atakaa nusu saa. Kwa hiyo mke anayelalamika huenda hashitaki dakika. Anashitaki mgongo aliogeuziwa.

Na mke naye ana wajibu wake. Asimcheke, asimlinganishe na mtu, wala asimtangazie kwa mashoga zake. Akisema, aseme kwa upole, na si pale pale kitandani mume akiwa ameinama kwa fedheha. Achague wakati wa utulivu, amwambie: mume wangu, jambo hili lina matibabu, nami nitakuwa nawe. Masomo wanaowafunda wanawali nao wasiishie kuwafundisha kumstarehesha mume tu. Wawaambie pia kuwa kuna hali kama hii, na kwamba haimaanishi kuwa hapendwi.

Hukumu zinazofungamana na hali hii

*Kuoga.* Kichwa cha dhakari kikishaingia, kuoga ni wajibu kwa wote wawili, hata kama ni kwa nukta moja, na hata kama wamesimama katika mazoezi na manii hayakutoka. Manii yakimtoka mume kabla ya kuingia, yeye ataoga, na mke hawajibiki kuoga maadamu hakutokwa na manii yake. Yanayotoka wakati wa kuchezeana, mepesi na ya kunata, ni madhii. Huoshwa na kutiliwa udhu, wala hayawajibishi kuoga. Aliyepaka krimu aiondoe kabla ya kuoga ili maji yafike kwenye ngozi.

*Ramadhani.* Mazoezi haya yafanywe usiku. Aliyefunga akichezewa mpaka manii yakatoka, saumu yake imebatilika na atalipa. Na kuingiliana mchana kuna kafara nzito.

*Siri ya chumbani.* Kutoa siri ya mwenzako kwa kusimulia ni dhambi kubwa. Kumweleza daktari, sheikh au kadhi kwa kadiri ya haja si katika hilo. Sema linalohitajika, na uliache lisilohitajika.

*Kupata mtoto.* Maadamu manii hutoka ndani, kumaliza mapema hakuzuii mimba. Yakitoka nje kila mara kabla ya kuingia, hapo mwone daktari.

*Talaka.* Sasa jawabu la mke aliyeuliza. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, aibu ya mume inayompa mke khiyari ya kufasikhi ndoa ni kushindwa kabisa kumwingilia, na mume huyo hupewa muhula wa mwaka mmoja na kadhi. Anayemwingilia mkewe lakini humaliza haraka hayumo katika hukumu hiyo. Hii haina maana kuwa mke anyamaze na aumie. Amwambie mumewe, na ampe nafasi ya kutibiwa. Mume akikataa tiba, akakataa mashauri, na mke akadhurika au akaikhofia nafsi yake, kuna wasuluhishi wa pande mbili kama Qur'ani ilivyoelekeza katika Suratun-Nisaa, kisha kuna kadhi, na khului ipo. Lakini kuanza na talaka kabla ya daktari ni kubomoa nyumba kwa sababu ya bati lililovuja.

Kwa kumalizia

Mume mwenye hali hii asijione kuwa ni nusu ya mwanamume. Kinachopunguza daraja yake si dakika, bali ni kujua kuwa mwenzake anaumia akakaa kimya kwa kiburi, au kuificha kwa vidonge vya haramu. Aliyekwenda kutafuta dawa kwa ajili ya haki ya mkewe yumo katika wema, na akinuia hivyo hatua zake za kwenda hospitali ni ibada.

Qur'ani imewafananisha mke na mume na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe. Vazi husitiri aibu, na vazi likifumuka hushonwa. Leo usiku, watoto wakishalala, anzeni kwa kuulizana.

Tunamuomba Allah Azitengeneze nyumba zetu, Awaponye wagonjwa wetu, na Ajaalie mapenzi na huruma baina ya wake na waume. Amin.

Wallahu a'lam.